Kebini ya Watu Wanne Ni Sakafu ya Kontena Moja

Kaskazi ikishaanza kuvuma, pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, hutokea jambo lile lile kila mwaka. Watu wameketi na mihogo yao na madafu, mara lango la bahari linazibwa na jengo jeupe linalotembea. Simu zinatolewa mifukoni. Meli ya watalii inapita taratibu kuelekea Gati Namba Moja, Kilindini, na kabla haijapotelea nyuma ya miti, mtu keshasema, "Siku moja na mimi nitapanda hiyo, na wanangu."

Zamani maneno hayo yaliishia pale pale. Siku hizi yanafuatwa na bango kwenye WhatsApp. Dada yangu aliletewa moja: safari ya usiku saba, kupandia Durban, "kebini ya familia, watu wanne, futi 160". Wao ni watano: yeye, mumewe, kijana wa miaka tisa, binti wa miaka minne, na mama yetu. Alipomuuliza wakala, akaambiwa, "Huyo mdogo hahesabiwi, atalala na bibi yake." Usiku huo akanipigia.

"Kaka, futi mia na sitini ni nyingi au ni chache?"

Swali hilo nimelisikia kwa watu wengi, kila mmoja kwa namna yake, na majibu yanayozunguka mtaani yamechanganyika vibaya.

Tuanze na maneno. Kebini ni chumba cha kulala abiria melini, na choo na bafu vimo ndani yake. Sitaha ni ghorofa ya meli. Kebini ziko za aina nne, na zilizobaki ni majina ya biashara tu. Ya ndani haina dirisha. Ya dirisha ina kioo kisichofunguka. Ya roshani ina mlango wa kioo unaotoka kwenye kibaraza chako mwenyewe juu ya bahari. Ya nne huitwa suiti, na hapo ndipo neno linapoanza kudanganya: suiti ya kweli ina chumba cha kulala na sebule mbalimbali, lakini zile ndogo, zinazouzwa kwa majina ya kupendeza, mara nyingi ni chumba kimoja kile kile chenye kochi refu zaidi na pazia. Ukisikia "suiti", uliza kama kuna ukuta na mlango katikati. Kama hakuna, unalipia pazia.

Sasa zile futi. Futi 160 ni za mraba, yaani urefu mara upana, na ukizigeuza kuwa mita ni kama mita 15 za mraba. Kwa Mombasa hatuhitaji kipimo cha kuazima, kwani tunacho barabarani. Kontena la futi 20, lile linalopita kila dakika barabara ya kutoka bandarini, lina futi 8 za upana. Ishirini mara nane ni mia na sitini. Kebini ya dada yangu ilikuwa sakafu ya kontena moja la futi 20, na choo kimo humo humo. Kwa aliyewahi kupanga chumba cha kumi kwa kumi, ni chumba na zaidi kidogo ya nusu, na hiyo nusu ya ziada ndiyo choo, kabati na njia ya kupita.

Mfano wa kontena si mzaha mtupu. Kebini nyingi za meli za kisasa hutengenezwa kiwandani zikiwa kamili, ukuta, bafu, taa na yote, kisha huingizwa ndani ya meli kama droo kwenye kabati. Kuta zake ni za bati la chuma (sumaku inanata, na wasafiri wazoefu hubeba vibanio vya sumaku vya kutundikia nguo). Kwa hiyo upana hauchezi sana. Kebini za ndani huwa kati ya futi za mraba 130 na 185 hivi katika meli nyingi, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: hudhani meli kubwa ina vyumba vikubwa. Meli kubwa ina vyumba vingi. Ukubwa wake umekwenda kwenye mabwawa, kumbi na mikahawa, na kontena lako limebaki kontena.

Tena angalia roshani. Kampuni nyingine hutaja ukubwa wa chumba peke yake na wa roshani peke yake, nyingine hujumlisha yote ili namba inenepe. Futi 230 zinaweza kuwa 185 za chumba na 45 za nje. Kwenye roshani hakuna atakayelala, na mtoto wa miaka minne hatakiwi hata kusimama huko bila mkubwa. Ukichukua ya roshani ukiwa na mtoto mdogo, kagua mlango unafungwa kwa komeo la juu, na viti na meza visikae karibu na kizuizi.

Hesabu ya vitanda na hesabu ya sakafu

"Watu wanne" kwenye bango ni hesabu ya vitanda. Haisemi lolote juu ya sakafu.

Vitanda viwili vya chini ni vya kawaida, na vikisukumwa pamoja huwa kitanda kimoja cha mume na mke. Cha tatu ni kochi linalofunguka. Cha nne, na mara nyingine cha tatu pia, hushuka kutoka darini au ukutani na kupandwa kwa ngazi. Waliowahi kulala kwenye garimoshi la usiku la kwenda Nairobi, kabla ya reli mpya, SGR, kuanza mwaka 2017, wanakijua kitanda hicho: daraja la pili mlikuwa wanne, wawili chini wawili juu, na aliye juu akishuka usiku humkanyaga wa chini. Ila kwenye garimoshi ilikuwa usiku mmoja.

Mchana kitanda cha juu hurudishwa darini na kochi hukunjwa, chumba kinapumua. Usiku kila kitu kikishafunguliwa, ndipo unapoijua kebini. Toa futi 28 hivi za bafu, 10 za kabati, 33 za kitanda cha wakubwa, 18 za kochi lililofunguliwa, 8 za meza. Katika 160 zimebaki 63, na sehemu kubwa ni ile njia nyembamba ya kutoka mlangoni. Masanduku huingia uvunguni, la sivyo hakuna pa kuyaweka. Ukitaka kujua kebini inatosha, ihesabu saa mbili usiku, watoto wamelala na wewe bado hujalala. Utaketi wapi? Taa ipi itawaka? Wazazi wengi hugundua baharini kwamba jibu ni bafuni.

Nilimwambia dada achukue chaki. Achore futi 10 kwa 16 kwenye sakafu ya sebule, achore bafu pembeni ya mlango, aweke godoro mahali pa kitanda na mkeka mahali pa kochi, kisha awaite wote watano wasimame ndani. Alicheka. Baadaye alifanya, nitakuja huko.

Mtoto anahesabiwa

Hili la "mdogo hahesabiwi" ndilo lililonikera, kwa kuwa si suala la ubahili wa kampuni. Kwenye matatu tumezoea kwamba mtoto anapakatwa. Melini hata mtoto mchanga ni mtu mmoja kamili katika hesabu ya chumba, na sababu yake ni mashua za uokozi.

Mwaka 1912 Titanic ilizama ikiwa na watu kama 2,200 na mashua zenye nafasi ya watu 1,178. Miaka miwili baadaye, mwaka 1914, mataifa yalikubaliana mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, na toleo linalotumika leo, la 1974 pamoja na marekebisho yake, halikubali meli ya abiria iwe na mtu asiye na nafasi kwenye vyombo vya kuokolea. Kila kebini hupangiwa kituo chake cha kukusanyikia, na kila kituo kina mashua zake zenye idadi maalumu ya viti. Mtoto wa miezi minane anahitaji boya lake na nafasi yake kama babake.

Hapa ndipo kinapofumbuka kitendawili kinachowasumbua wengi: kwa nini unaambiwa "kebini za watu wanne zimekwisha" na huku ukiingia kwenye ramani ya sitaha unaziona bado tupu? Chukua Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024. Wakilala wawili wawili kila kebini, inabeba abiria 5,610. Kikomo chake ni 7,600. Hizo 1,990 za katikati ndizo nafasi za watu wa tatu, wa nne na kuendelea, za meli nzima. Familia zilizowahi mapema zikishazijaza, hasa likizo za shule, kitanda kitakuwepo darini na hakitauzwa, maana upande ule wa meli mashua zimeshajaa kwenye karatasi. Ndiyo maana familia huambiwa iwahi, na ndiyo maana "tutaongeza mmoja baadaye" ni ahadi isiyo na mwenyewe. Ikiwa mna mimba au mtoto mchanga, ulizeni pia umri: kampuni nyingi hazimchukui mtoto wa chini ya miezi sita, na safari zenye siku nyingi mfululizo baharini hutaka awe ametimiza mwaka.

Kwa hiyo watano ndani ya kebini ya wanne haiwezekani. Wakala angekata tiketi nne, na binti angerudishwa gatini Durban.

Vyumba viwili, mlango mmoja

Kwa watu watano njia ni mbili: kebini moja kubwa ya familia, ambazo ni chache kila meli na huisha kwanza, au kebini mbili za kawaida. Watu wanaikimbia ya pili kwa kudhani gharama itakuwa maradufu. Sivyo inavyohesabiwa.

Bei ya meli hutajwa kwa kichwa, si kwa chumba, na hujengwa juu ya watu wawili ndani ya kebini. Hao wawili wa kwanza hulipa bei kamili hata kama mmoja wao ana miaka minne. Wa tatu na wa nne hulipa kidogo. Mtu akilala peke yake, mara nyingi hulipa kama wawili. Tuchukue namba za mfano tu. Kebini ya ndani ni dola 600 kwa kila mmoja wa wawili wa kwanza na 250 kwa wa tatu. Suiti ya kuchukua watano ni 1,200 kwa kila mmoja wa wawili wa kwanza na 400 kwa kila aliyebaki. Kebini mbili za ndani, moja ya wawili na moja ya watatu: 1,200 na 1,450, jumla 2,650. Suiti: 2,400 na 1,200, jumla 3,600. Kwenye zile mbili umepata futi 320, vyoo viwili, na mlango wa kufunga kati ya mtoto anayelala na mtu mzima asiyelala. Mimi, kwa familia yenye mtoto mdogo na bibi, sioni hata la kushindanisha. Choo cha pili asubuhi peke yake kinatosha.

Bei hubadilika kila wiki, basi fanya hesabu hiyo hiyo kwa namba za siku hiyo, na uongeze ada za bandari na bahshishi ya wahudumu, ambazo huenda kwa kichwa. Kampuni nyingi za Marekani hutoza bahshishi ya dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Kwa watu watano usiku saba ni dola 560 hadi 700, pesa ambazo mabango huzisahau kwa pamoja.

Hapa kuna maneno mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Kebini zenye mlango wa kati ni zile ambazo kuna mlango wa ndani unaoziunganisha, mnatembeleana bila kutoka ujiani. Kebini jirani zimepakana tu, na kutoka moja kwenda nyingine lazima upite nje, ujia ambao ni wa watu wote. Wakala akisema "zitakuwa karibu karibu", hajasema lolote kati ya hayo. Ramani ya sitaha huwa na alama ndogo kati ya namba mbili za vyumba zenye mlango wa kati. Mwombe akupe namba zenyewe, uzitafute mwenyewe. Ubaya wa mlango huo ni sauti: hupenyeza. Kwa hiyo ukikuta umepewa kebini yenye mlango wa kati na upande wa pili wamo wageni, omba kubadilishiwa.

Na usinunue ile bei rahisi ambayo kampuni ndiyo itakayokuchagulia namba ya chumba baadaye. Watu huisifu kwamba unaweza kupandishwa daraja bure. Hutokea. Hutokea pia mama awe sitaha ya nne omo, yaani mbele, na watoto sitaha ya kumi tezi, yaani nyuma.

Jambo moja la karatasi: kampuni nyingi hutaka kila kebini iwe na mtu mzima aliyeandikishwa, hasa kama vyumba havina mlango wa kati. Kwa kina dada yangu ikaandikwa mama na kijana chumba kimoja, na wazazi na binti kingine. Mkishafika, nani analala wapi ni shauri lenu.

Omo, tezi na katikati

Waswahili tulisema chombo kinakwenda mrama kabla maneno hayo hayajawa ya siasa. Meli ikipanda mawimbi, omo na tezi huinuka na kushuka, katikati hutulia. Ni kama basi la usafiri wa mbali: anayekaa kiti cha nyuma kabisa ndiye anayerushwa kila shimo. Na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyoyumba zaidi. Kwa hiyo ile imani kwamba sitaha ya juu kabisa ndiyo ya heshima haimsaidii mtu mwenye kigegezi. Mwenye watoto au mzee achague katikati na chini, na akikosa vyote viwili, katikati ni muhimu zaidi.

Kisha tazama ramani ya sitaha iliyo juu yako na iliyo chini yako. Kebini iliyolindwa na kebini nyingine juu na chini hukaa kimya. Iliyo chini ya bwawa husikia viti vikiburutwa alfajiri, iliyo juu ya ukumbi wa muziki husikia ngoma hadi usiku wa manane, na iliyo omo chini husikia mnyororo wa nanga. Kebini ya dirisha iliyo nafuu kupita wenzake huenda inatazama ubavu wa mashua ya uokozi.

Wengine huniambia kebini ya ndani "haina hewa". Hewa ipo, hupulizwa saa zote kama kwenye jengo lolote kubwa. Kinachokosekana ni mwanga: ukizima taa saa sita mchana ni giza la kaburi, mtu hajui kumekucha. Kwa watoto wanaolala mchana hiyo ni neema. Kwa mzee anayepima siku kwa jua, inachosha. Nilimwambia dada, chumba cha mama kingekuwa na dirisha ingekuwa bora, kama pesa zinaruhusu. Soketi nazo ni za Marekani au za Ulaya kwenye meli nyingi, plagi yetu ya meno matatu mapana haiingii bila adapta, na pasi na birika za umeme hunyang'anywa mlangoni kwa hofu ya moto.

Wiki iliyofuata nilipita kwao. Chaki ilikuwa bado iko sebuleni, kontena mbili zimelala ubavu kwa ubavu na pengo dogo la mlango katikati. Shemeji alikuwa ameshakata shauri: za ndani mbili, zenye mlango wa kati, katikati ya meli. Mama alikuwa amesimama ndani ya chumba chake cha chaki, akitazama chini, msala wa kuswalia mkononi.

Akautandika kati ya godoro na mstari wa kabati. Ulienea, ukabaki upana wa kiganja.

"Hapa pananitosha," akasema. "Sasa niambieni, meli ikigeuka, kibla kiko wapi?"